Ndoo

Bi Somoe alikisimulia kisa uani kwake, Mkomani,
sindano ikitoboa kofia ya vito,
wanawake watano, birika moja la kahawa:
kaka aliyekifunga kisima cha baba yao
na umbu lake akabaki mlangoni na mtungi mkavu.
Hakikuwa na jina la mtu kisa kile. Hakikuwa na mtaa.
Mwishoni kaka aliondoa kifuniko usiku,
akasimama kizani, akaita:
Ndoo.

Famau, mjukuu, alikuwa ngazini na simu.
Akarekodi. Akawatumia binamu zake Faza,
Faza wakatuma Matondoni,
Matondoni wakatuma Jidda kwa shangazi asiyelala,
hata sauti ikanifikia mimi Malindi,
mtunzi wa michezo ya redio, mlipwa kwa dakika,
mtoto wa Barani
nisiyejua Kiamu ila kile cha kuchekeshea harusini.

Nikasikia ndoo, nikaona ndoo.
Nikaandika: Kaka, kwa ukali, Ndoo!
Anampokonya. Mlio wa bati. Umbu analia. Mwisho.

Na kwa kuwa redio haina uso
nikampa kaka mguu:
kishindo kimoja, mburuzo mmoja.
Ko. Fyuu. Ko. Fyuu.
Niliutengeneza kwa kifuu cha nazi na ufagio
na usiku ule nikalala nikijisifu.

Wiki ya tatu watoto wa Langoni walimchora kwa mkaa
ukutani mwa chuo, bakora ndefu kuliko mtu.
Wiki ya tano zikashuka kanga, zambarau kwa nyeupe:
KISIMA CHA BABA HAKINA KUFULI.
Zikaisha kabla ya adhuhuri.

Sitasema hakikuzaa jema.
Mwanamkuu, mama wa watoto sita, alijifunga kanga ile
akaenda kwa kadhi kudai fungu lake katika nyumba ya marehemu baba yake.
Alirudi na ufunguo wa chumba cha chini,
ameushika mkononi wazi, njia nzima,
hakuutia mkobani.

Lakini Langoni yuko muuza unga,
Bwana Madi Shekuwe, aliyepigwa teke na punda
akiwa na miaka kumi na tisa.
Atembeapo: ko, fyuu.
Hana umbu. Hana kisima. Ana mizani na paka.
Watoto wakawa wanamfuata nyuma wakiburuza kandambili,
na mama zao wakavuka kwenda duka la pili
kununua unga uleule, ghali kwa shilingi kumi.
Mtu mmoja, kwa upole, baada ya isha,
alimshauri amrudishie dada haki yake.

Nilitunga sehemu ya pili ili kumtetea.
Kaka mwingine, miguu mizima. Nani aliisikiliza?
Kisa kikishaota mguu hakirudi kutambaa.

Nikaja Lamu.
Bi Somoe hakunifokea. Alinitazama viatu.
"Mtunzi," akasema, "ndoo."
Nikageuka huku na huku kuitafuta ndoo.
Wanawake walicheka mpaka kofia zikawaanguka mapajani.
Akainuka, akanipita, akasema tena mlangoni, ndoo,
na hapo ndipo nikasikia,
na uso ukaniwaka, na nikamfuata.

Akaketi barazani kwa Bwana Madi, akaomba kilo mbili,
akatoa kofia yake, akakianza kisa upya
kwa sauti ileile ya kununulia unga.
Wakasimama watu wawili. Watatu. Mmoja akanyosha simu.
"Itie mfukoni," akamwambia, hakuinua macho.
Alipofika kizani, penye kisima,
akalisema lile neno, polepole,
akaukata uzi kwa meno.

Bwana Madi alikuwa ameshika kopo, unga ukimwagika kando ya mizani.
"Akaitika?"
"Nani?"
"Umbu."
Bi Somoe akaihesabu chenji yake, sarafu kwa sarafu.
"Sijui," akasema. "Mimi hukomea kwenye kuita."